Mjumbe Hauawi: Habari na Upinzani Chini ya Mlima Kenya

Wahenga walisema kwamba mjumbe hauawi, nao hawakusema hivyo kwa huruma peke yake, bali kwa hesabu ya watu waliojua ya kuwa mfalme akimkata kichwa tarishi aliyemletea habari mbaya, habari ile haibatiliki kwa damu yake, ilhali siku ya pili hapatapatikana mtu wa kumletea habari yoyote, naye atakaa kitini pake kama kipofu mpaka adui abishe hodi mlangoni. Kanuni hii ni nyepesi kuitamka barazani na nzito kuishika katika utawala. Maana dola itawalayo kwa hofu, ikishindwa kuujibu ujumbe, aghalabu humgeukia aliyeuleta. Nchi za Embu na Meru, zilizo mashariki mwa Mlima Kenya, zimeliona jambo hili mara tatu katika muda wa miaka sabini na kitu: mara ya kwanza ujumbe ulipokwenda kwa miguu, mara ya pili ulipokwenda kwa karatasi, na mara ya tatu ulipokwenda kwa simu ya mkononi. Kila chombo kilipobadilika, ujumbe ulizidi kwenda mbio na mjumbe akazidi kuonekana. Na hilo la pili ndilo ambalo wasifuo simu na intaneti hulisahau.

Tarishi wa msituni

Usiku wa tarehe 20 Oktoba 1952 Gavana Evelyn Baring alitia sahihi tangazo la Hali ya Hatari, na koloni la Kenya, ambalo hata kabla ya hapo halikuwa nchi ya uhuru kwa Mwafrika, likawa nchi inayotawaliwa kwa amri. Miongoni mwa vitu vya kwanza kunyamazishwa yalikuwa magazeti ya lugha za Kiafrika, likiwemo *Mumenyereri* la Henry Muoria, ambaye wakati huo alikuwa London, akabaki huko huko ugenini. Mtu aliyezoea kumsikiliza mwenziwe aliyejua kusoma akimsomea gazeti sokoni, sasa aliachwa na redio ya serikali na tangazo la chifu, yaani aliachwa na sauti ya upande mmoja. Ndipo habari za upande wa pili zikarudi kwenye njia yake ya kale, njia ya miguu.

Katika misitu ya Mlima Kenya walikuwamo wapiganaji wa Mau Mau chini ya Waruhiu Itote, aliyejulikana kwa jina la Jenerali China. Na kati ya makamanda waliopata sifa katika pande hizi walikuwa Musa Mwariama wa Meru na Kubukubu wa Embu. Watu hawa hawakuwa na mtambo wa redio wala waya wa simu. Walikuwa na makarani wenye kalamu na daftari za shule, na barua zilizofichwa katika mashimo ya miti yaliyojulikana na wachache, na zaidi ya yote walikuwa na wanawake. Mwanamke aliyetoka shambani na kiondo chake mgongoni, ndani yake mna viazi na chini ya viazi mna karatasi iliyokunjwa, alikuwa tarishi ambaye askari aliweza kupishana naye mara kumi asimtambue. Na siri ya usalama wake haikuwa kiondo, bali kutojua kwake: aliijua sehemu yake ya njia, akamjua aliyempa na atakayempa, wala hakujua barua ilianzia wapi wala itakomea wapi, kiasi cha kwamba hata akikamatwa na kuteswa hakuwa na mengi ya kusema.

Serikali ilipoona kwamba haiwezi kuikamata kila barua, iliamua kuzikata njia zenyewe. Watu wa Kikuyu, Embu na Meru wakalazimishwa kuchukua vitabu vya pasi kila waendako. Tarehe 24 Aprili 1954 jeshi likauzingira mji wa Nairobi katika msako ulioitwa Operesheni Anvil, likawakamata na kuwafungia maelfu kwa maelfu ya watu wa makabila hayo matatu. Na kuanzia katikati ya mwaka huo huo familia zikahamishwa kwa nguvu kutoka mashamba yao na kukusanywa katika vijiji vyenye ulinzi, huku wanaume, wanawake na hata watoto wakichimbishwa handaki refu ukingoni mwa msitu, lenye miti iliyochongwa ncha chini yake, ili anayebeba chakula au neno asivuke. Leo tukisikia kwamba serikali fulani imezima mtandao, twadhani ni jambo jipya la zama za kompyuta. Lakini handaki lile lilifanya kazi ile ile, na kama ilivyo leo, halikuchagua: lilimzuia mwenye barua, na likamzuia vile vile mama aliyekwenda kutafuta kuni.

Baada ya kuikata njia ya wenziwe, dola ilijifungulia yake. Ndege zenye vipaza sauti ziliruka juu ya msitu zikiwaita wapiganaji wajisalimishe, na karatasi zikamwagwa kutoka angani kama mvua. Jenerali China alipojeruhiwa na kukamatwa mwezi wa Januari 1954, akahukumiwa kunyongwa kisha akaepushwa na kitanzi, yeye mwenyewe alitumiwa kuwaandikia wenziwe walio msituni barua za kuwaita kwenye mazungumzo, tarishi wa upande mmoja akageuzwa tarishi wa upande wa pili. Na katika viwanja vya uchunguzi aliketishwa mtu aliyevikwa gunia lenye matundu mawili ya macho, ambaye hakusema neno, ila alitikisa kichwa tu mbele ya mstari wa watu, na kwa mtikiso huo mmoja aliweza kumtia jirani yake kizuizini kwa miaka. Msomaji na amweke moyoni mtu huyu wa gunia, kwa sababu tutakutana naye tena.

Hata hivyo sauti moja ilivuka mahandaki yote, maana haikuhitaji ardhi ya kupitia. Mwaka 1954 redio ya Cairo ilianza matangazo ya Kiswahili yaliyowalaumu wakoloni waziwazi, na koloni, pamoja na ndege zake na bunduki zake, halikuwa na dawa ya wimbi la redio ila kulipigia kelele. Na Mwariama, aliyekaa msituni miaka yote hiyo, alitoka kwa hiari yake uhuru ulipopatikana mwaka 1963, akapokewa na Jomo Kenyatta, mkono kwa mkono.

Jina lililo chini ya karatasi

Uhuru uliondoa bendera ya mgeni, lakini tabia ya kumwogopa mjumbe haikupanda meli pamoja naye. Mwezi wa Juni 1982 Bunge liliingiza katika katiba kifungu cha 2A, kilichoifanya KANU kuwa chama pekee halali nchini; na kwa muda wa miaka tisa iliyofuata, chini ya Rais Daniel arap Moi, redio ilikuwa moja, mkuu wake akiwa mmoja, na taarifa ya habari ilianza kwa kueleza Rais alikuwa wapi na alisema nini. Mwaka 1988 hata kura ya mchujo wa chama ilinyang'anywa siri yake: wapiga kura walijipanga mlolongo nyuma ya wagombea au picha zao, wakahesabiwa hadharani kama ng'ombe mnadani, chifu akitazama nani yuko nyuma ya nani. Mlolongo huo ulimfanya kila raia kuwa mjumbe asiye na pa kujificha, kwani ujumbe wake ulikuwa ni mwili wake mwenyewe na mahali aliposimama.

Miongoni mwa walioupinga mlolongo kwa sauti kubwa alikuwa David Gitari, askofu wa Kianglikana wa dayosisi ya Mount Kenya East, ambayo tangu ilipoanzishwa mwaka 1975 ilizijumuisha Embu na Meru pamoja na Kirinyaga na nchi za kaskazini. Chombo chake kilikuwa mimbari, ambayo ni chombo cha zamani kuliko magazeti yote, na ambayo serikali iliona haya kuipiga marufuku. Usiku mmoja wa Aprili 1989 genge la watu wenye silaha lilivamia nyumba yake Kirinyaga. Naye akapanda juu ya paa, akapiga mayowe, na majirani wakaja mbio, wavamizi wakatoroka.

Kutoka Meru alitoka mjumbe wa namna nyingine. Wakili Gitobu Imanyara alianzisha mwaka 1987 jarida la sheria, *Nairobi Law Monthly*, ambalo kwa jina lake lilidhaniwa kuwa la mawakili peke yao, lakini likawa uwanja ambamo mambo yasiyosemeka yalisemwa kwa lugha ya vifungu na hukumu. Waliolikosa dukani walisoma nakala za fotokopi zilizopita mkono hadi mkono. Na hapa ndipo ilipo tofauti ya karatasi na kiondo, kwamba kiondo hubeba barua moja, ilhali mashine ya fotokopi huzaa barua mia kwa mchana mmoja. Lakini karatasi ina jambo jingine: ina jina la mhariri chini yake, na anwani ya ofisi, na namba ya sanduku la posta. Mwezi wa Julai 1990, siku zile za Saba Saba, mkutano wa kudai vyama vingi, Imanyara alikamatwa. Baadaye jarida lake likapigwa marufuku. Mwaka 1991 akashtakiwa kwa uchochezi, na mwaka huo huo wanahabari wa dunia wakamtunukia Kalamu ya Dhahabu ya Uhuru. Serikali yake ilimwona mhalifu na walimwengu wakamwona shujaa, kwa kazi ile ile na kwa kurasa zile zile.

Na kutoka Embu alikuwapo Njeru Kathangu, aliyekamatwa mwaka huo wa 1990 pamoja na George Anyona, Edward Oyugi na Ngotho Kariuki, wakashtakiwa kwa mazungumzo yaliyoitwa ya uchochezi, na mwaka 1991 wakahukumiwa kifungo cha miaka saba kila mmoja. Katika siku hizo hizo polisi waliwakamata wachuuzi wa kanda za kaseti zenye nyimbo za kulalamika, kwa kuwa nyimbo hizo zilikuwa zikipigwa ndani ya matatu, na abiria alishuka mwisho wa safari akiwa na habari ambayo hakupanda nayo. Mwezi wa Desemba 1991 kifungu cha 2A kikafutwa. Na katika uchaguzi wa 1992 wananchi wa Runyenjes wakampeleka Kathangu Bungeni.

Simu na minara yake

Kenya ya leo si koloni la Baring wala si Kenya ya chama kimoja, na haitakuwa insafu kuipima kwa kipimo hicho. Ina Katiba ya 2010, ambayo ibara yake ya 37 inampa kila mtu haki ya kukusanyika na kuandamana kwa amani bila silaha, na ibara ya 31 inailinda faragha ya mawasiliano yake. Ina mahakama zinazothubutu kuipinga serikali, na ina redio nyingi, zikiwemo Muuga inayosema Kimeru na Wimwaro inayosikika Embu. Lakini tabia za utawala wa mabavu zaweza kuishi ndani ya nyumba ya demokrasia, nayo ikawa na madirisha mazuri yanayotazama barabarani na chumba kimoja kisichofunguliwa kwa wageni.

Mswada wa Fedha wa 2024, uliokusudia kukusanya kodi zaidi ya shilingi bilioni 346, ulipofikishwa Bungeni, vijana waliuchambua kifungu kwa kifungu, wakautafsiri kwa lugha za makwao katika video fupi za TikTok, wakasambaza namba za simu za wabunge ili kila mwananchi "amsalimie" mbunge wake kwa ujumbe, wakakutana kwa maelfu katika mabaraza ya sauti ya mtandao wa X, na katika barabara wakatumia programu ya Zello, inayoifanya simu iwe mfano wa redio za polisi, mtu anabonyeza na kusema na kundi zima linasikia. Hapakuwa na chama wala mwenyekiti. Na hilo liliitatiza serikali kuliko jambo lolote, kwa maana haikujua imwite nani mezani wala imkamate nani nyumbani. Tarehe 25 Juni waandamanaji waliingia Bungeni Nairobi, na siku hiyo hiyo miji ya mbali na makao makuu nayo ilisimama: Meru vijana waliandamana, na mjini Embu ofisi ya chama tawala cha UDA ilichomwa moto, kitendo ambacho ibara ya 37 haikihalalishi. Jioni intaneti ikadhoofika nchini kote. Mamlaka ya Mawasiliano ilikuwa imesema siku moja kabla kwamba haina nia ya kuuzima mtandao, na Safaricom ikasema kwamba nyaya zake mbili za chini ya bahari zimepata hitilafu, lakini wengi hawakusadiki. Kesho yake Rais William Ruto akatangaza kwamba hatautia sahihi mswada. Bei ya ushindi huo ilikuwa kubwa: Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilihesabu watu 60 waliouawa katika maandamano ya Juni na Julai.

Yafaa hapa msomaji afahamu simu ilivyo, kwani wengi huidhania ni kiondo kipya, kumbe sivyo. Simu iliyowashwa, hata isipompigia mtu yeyote, haiachi kuubishia hodi mnara ulio karibu nayo, ili simu ya kuingia ipate njia. Na hodi hizo zaweza kuandikwa katika daftari za kampuni, mnara gani na saa ngapi. Laini nayo imesajiliwa kwa kitambulisho cha mwenyewe, kama sheria inavyotaka. Programu zinazofumba maneno ili asomaye awe mtumaji na mpokeaji peke yao, huyafumba maneno kweli, lakini mwenye programu aghalabu bado aweza kujua ni namba ipi iliyosema na ipi, na mara ngapi. Na katika kundi la watu mia mbili, yatosha mmoja apige picha ya maandishi na kuipeleka anakotaka. Huyo ndiye mtu wa gunia, ila leo hahitaji gunia, maana jina lake bandia na picha ya ua zinamsitiri vizuri zaidi. Mama wa kiondo alisalimika kwa kutojua mengi, ilhali simu ya mjukuu wake inajua yote: rafiki zake, njia zake, saa yake ya kulala.

Ndiyo sababu, baada ya moshi wa Juni kutulia, habari zilizofuata hazikuwa za maandamano bali za watu kutoweka. Tarehe 21 Desemba 2024 kijana mmoja wa Embu, mwenye umri wa miaka 24, alichukuliwa na watu wasiojulikana, baada ya kuweka mtandaoni picha ya kumdhihaki Rais. Na wengine katika sehemu nyingine za nchi wakachukuliwa vivyo hivyo katika wiki ile ile ya Krismasi. Tume iliyotajwa ilisema kwamba tangu Juni matukio ya utekaji yalikuwa yamefika 82, na watu 29 hawajulikani waliko. Wakuu wa polisi walikana kuhusika. Mtu aweza kusema kwamba picha ile ilikosa adabu, na huenda ikawa hivyo. Lakini nchi yenye mahakama hailipizi utovu wa adabu kwa gari lisilo na namba.

Kuzima na kuwasha

Serikali nyingine hazihangaiki kumtafuta mjumbe mmoja mmoja, bali huziba njia yote. Hosni Mubarak wa Misri aliuzima mtandao wa nchi yake mwishoni mwa Januari 2011, na watu waliokosa habari majumbani wakatoka nje kuzitafuta, wakazikuta uwanja wa Tahrir. Haukupita mwezi naye akaondoka. Uganda iliuzima wakati wa uchaguzi wa Januari 2021, na Tanzania tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi, maandamano yalipozuka. Huko Kenya, tarehe 25 Juni 2025, siku ya kuwakumbuka waliouawa mwaka uliotangulia, Mamlaka ya Mawasiliano iliamuru vituo vya televisheni na redio viache kurusha maandamano moja kwa moja, na matangazo ya baadhi ya vituo yakakatwa; lakini siku hiyo hiyo Mahakama Kuu ikasimamisha amri ile.

Kuzima mtandao ni handaki la mwaka 1954 lililochimbwa hewani. Muuza miraa wa Maua, huko Meru, anayelipwa kwa simu kabla mzigo haujanyauka, mgonjwa anayetafuta gari usiku, mzazi anayetaka kujua kama mwanawe aliye chuoni yu hai, wote huangukia humo pamoja na yule aliyekusudiwa. Na pengo la habari halikai tupu: uvumi hulijaza upesi kuliko ukweli, kwa kuwa uvumi hauhitaji mnara. Serikali inayozima mtandao ili kuzuia uongo hujikuta imebaki na uongo peke yake.

Tukirudi kwa kijana wa Embu, simu ndiyo iliyombebea picha yake, na yumkini ndiyo iliyomfichua. Lakini haikumrudisha nyumbani. Waliomrudisha, kwa kadiri mwanadamu aonavyo, ni wengi na wa namna mbalimbali: watu wa Embu waliotoka barabarani kumdai siku za Krismasi, wakati ambapo mtu hupenda kukaa na jamaa zake, mawakili waliokwenda Mahakama Kuu, nayo ikawaita wakuu wa polisi wajieleze, na makelele ya nchi nzima, yaliyomfanya Rais mwenyewe, kabla mwaka haujaisha, aahidi kwamba utekaji utakomeshwa. Tarehe 6 Januari 2025 kijana alionekana tena akiwa hai, pamoja na wenzake kadhaa.

Methali yetu ilitungwa kwa ajili ya wafalme, nayo inamwonya mfalme asimwue tarishi wa mfalme mwenzake. Katika jamhuri mambo yamegeuka, kwa kuwa ibara ya kwanza ya Katiba ya Kenya inasema mamlaka yote ni ya wananchi. Basi ujumbe wa mwandamanaji unatoka kwa mwenye mali kwenda kwa msimamizi wake, na msimamizi amdhuruye mjumbe huyo anamdhuru tarishi wa bwana wake. Lakini methali haikutaja nani atamlinda mjumbe pale mfalme anapoisahau, na jibu la swali hilo halimo ndani ya simu yoyote inayouzwa Meru mjini. Askofu yule juu ya paa lake, usiku ule wa Aprili, alikuwa na chombo cha mawasiliano cha zamani kuliko vyote, koo lake. Nacho kilimfaa kwa sababu gizani walikuwapo watu walioitambua sauti yake, nao wakafungua milango yao wakatoka.